Nyota Huzaliwaje, na kwa Kiwango Gani? Maelezo kwa Lugha ya Kiswahili

1. Utangulizi

Katika matumizi ya kila siku ya Kiswahili, neno nyota hufungamana na kuzaliwa kwa mtu, wala si kuzaliwa kwa nyota yenyewe. Husemwa kwamba fulani ana nyota njema, au kwamba nyota yake imefifia. Nyota huzuka, hung'ara na kuzama, lakini haikuwa desturi kuuliza ilizaliwa lini. Methali moja yasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Jina Kilimia lenyewe lina shina -lim-, lile lile la kulima, kwa maana kundi hilo la nyota lilimwonyesha mkulima majira ya kazi yake. Kwa aliyeitunga methali hiyo nyota ni kalenda, na kalenda haina umri.

Elimu ya falaki ya karne ya 20 imetufundisha jambo lingine. Nyota za Kilimia zina umri wa zaidi kidogo ya miaka milioni 100. Zilipoanza kuwaka, dinosaria walikuwa tayari wakitembea juu ya dunia. Kwa hiyo nyota nazo huzaliwa, huishi na kufa; na jambo lenye mwanzo laweza kuhesabiwa: ni ngapi huzaliwa kwa mwaka, wapi, na kwa nini zisiwe nyingi zaidi au chache zaidi.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili: jinsi nyota moja inavyozaliwa, na kiwango ambacho galaksi nzima huzaa nyota zake. Tutaonyesha kwamba mambo haya mawili hayapaswi kuchanganywa, na kwamba fumbo kubwa liko katika la pili. Galaksi huzaa polepole mno kuliko inavyotazamiwa, na upole huo ndio unaotaka kuelezwa.

2. Istilahi chache

Kabla ya kuendelea, yafaa tukubaliane juu ya maneno. Galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota, gesi na vumbi unaoshikamanishwa na nguvu ya uvutano. Galaksi yetu, ambayo tunaiona usiku kama utepe mweupe uliokatiza anga, ina nyota zaidi ya bilioni 100. Kwa neno bilioni tunamaanisha milioni elfu moja, kama ilivyo katika Kiswahili sanifu. Msomaji aliyezoea hesabu za Kifaransa asiichanganye na bilioni ya lugha hiyo, ambayo ni milioni mara milioni.

Mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga huusafiri kwa mwaka mmoja, yaani takriban kilomita bilioni 9,500. Tungamo ni wingi wa maada uliomo katika kitu. Wanafalaki hupima nyota na mawingu ya angani kwa kuyalinganisha na tungamo la Jua.

Hatimaye kuna maneno mawili ambayo wanafunzi wetu huyatumia kana kwamba ni neno moja: kasi na kiwango. Kasi yahusu mwendo wa tukio moja: nyota hii imechukua muda gani hata kukamilika? Kiwango chahusu jumla ya matukio katika muda uliowekwa: galaksi hii hugeuza gesi kiasi gani kuwa nyota kwa mwaka? Mama anaweza kujifungua kwa haraka, lakini kijiji chake kikawa na watoto wachache.

3. Mahali nyota zinapozaliwa

Kati ya nyota na nyota hapana utupu kamili. Kuna gesi nyembamba sana, ambayo zaidi ya asilimia 70 ya tungamo lake ni hidrojeni, zaidi ya robo ni heli, na kilichobaki, asilimia 1 au 2 tu, ni elementi nzito kama kaboni, oksijeni na chuma. Sehemu ya elementi hizo imeshikamana kuwa punje ndogo mno za vumbi, mfano wa masizi ya moshi.

Mahali pengine gesi hiyo imekusanyika kuwa mawingu mazito na ya giza, ambamo atomi za hidrojeni zimeungana mbili mbili kuwa molekuli. Haya huitwa mawingu ya molekuli. Neno «mazito» lisitupotoshe. Katika sentimita moja ya ujazo ya wingu la namna hii mna molekuli mamia kadhaa tu, ilhali katika sentimita kama hiyo ya hewa tunayoivuta mna molekuli zaidi ya bilioni bilioni 20. Uzito wa wingu unatokana na ukubwa wake: laweza kuwa na upana wa miaka ya nuru 100 na tungamo la Jua mara laki moja au zaidi.

Mawingu haya ni baridi kupita kiasi. Halijoto yake ni karibu nyuzi 263 chini ya sifuri. Hapo ndipo penye ajabu ya kwanza: nyota, kitu chenye moto kuliko tanuri lolote la kuyeyushia shaba, huanzia katika mojawapo ya mahali baridi sana katika galaksi. Sababu yake tutaiona hivi punde.

Kwa kuwa molekuli baridi za hidrojeni hazitoi mwanga unaoweza kupimwa kwa urahisi, mawingu haya yalikuwa yamefichika kwa muda mrefu. Mwaka 1947, Bart Bok na Edith Reilly walielekeza macho kwenye madoa madogo meusi yanayoonekana mbele ya nebula zing'aazo, wakadokeza kwamba humo nyota huenda zinaandaliwa. Mwaka 1970, Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias walinasa mawimbi ya redio ya monoksidi ya kaboni yaliyotoka upande wa kundi la Jabari, ambalo Wazungu huliita Orion. Gesi hiyo imechanganyika na hidrojeni, nayo hutoa ishara hata katika baridi kali. Kuanzia hapo wataalamu waliweza kuchora ramani ya mawingu ya galaksi yetu. Madoa ya Bok nayo yalichunguzwa kwa mionzi isiyoonekana kwa macho, iliyo chini ya mwanga mwekundu, na mwaka 1990 ikathibitika kwamba ndani ya mengi yao mna nyota changa.

4. Hatua za kuzaliwa kwa nyota moja

Katika kila wingu nguvu mbili hushindana. Uvutano huvuta gesi kuelekea ndani. Shinikizo la gesi, ambalo hutokana na joto lake, husukuma kuelekea nje. Mwaka 1902 Mwingereza James Jeans alionyesha kwa hesabu kwamba kwa kila halijoto na kila msongamano kuna tungamo la mpaka. Wingu likiwa chini ya mpaka huo, shinikizo hushinda na wingu hubaki lilivyo. Likiuvuka, uvutano hushinda nalo huanza kujiporomokea. Kadiri gesi inavyokuwa baridi na kusongamana, ndivyo mpaka huo unavyoshuka. Hiyo ndiyo sababu ya nyota kuanzia penye baridi: gesi yenye joto hujitetea, gesi baridi hushindwa.

Wingu haliporomoki lote kwa pamoja kuwa nyota moja kubwa. Sehemu zake zilizosongamana zaidi, zinazoitwa viini, huanza kujikunja kila kimoja peke yake. Kiini kinachoweza kuzaa nyota kama Jua kina upana wa karibu theluthi moja ya mwaka wa nuru. Hadi kuwa nyota, upana huo utapungua takriban mara milioni mbili.

Gesi inapoanguka kuelekea katikati hupata joto. Mwanzoni joto hilo hutoroka kwa njia ya mnururisho wa vumbi na molekuli, hivyo mporomoko huendelea. Baadaye katikati pa kiini hufumbika kiasi kwamba joto haliwezi tena kutoka kwa urahisi, na hapo huundwa tufe la gesi moto liitwalo nyota-tangulizi. Katika muda wa miaka laki kadhaa tufe hilo hulishwa na gesi inayoendelea kuanguka juu yake.

Hata hivyo gesi haianguki moja kwa moja. Kila kiini kina mzunguko kidogo, na kitu kinachozunguka kikijikunja huzunguka upesi zaidi, kama mtu aliyeketi juu ya kiti cha kuzunguka anapokunja mikono yake kifuani. Kwa sababu hiyo sehemu ya gesi hutandazika kuwa kisahani kinachoizunguka nyota changa, na humo ndimo sayari huundwa. Mwaka 2014 mtambo wa ALMA, uliojengwa katika jangwa la milimani nchini Chile, ulipiga picha ya kisahani cha nyota HL Tauri, iliyo umbali wa miaka ya nuru 450 hivi. Picha hiyo ilionyesha duara ndani ya duara, angavu na za giza, ambazo wataalamu wengi huziona kuwa dalili ya sayari zinazoundwa.

Mwisho, nyota hujikunja polepole hadi halijoto ya kitovu chake ifikie karibu nyuzi milioni 10. Hapo viini vya atomi za hidrojeni huanza kuungana kuwa heli, na nishati inayotolewa huzuia nyota isijikunje zaidi. Kwa nyota iliyo sawa na Jua, safari hii yote huchukua makumi ya mamilioni ya miaka. Tufe lisilofikia asilimia 8 ya tungamo la Jua haliwezi kuiwasha hidrojeni yake kwa kudumu. Hilo hupoa bila kuwa nyota kamili.

5. Kiwango, na namna ya kukipima

Hakuna mtu anayeweza kukaa akisubiri nyota izaliwe ili aiandike katika daftari. Basi wanafalaki wanawezaje kusema kwamba galaksi fulani huzaa nyota kadhaa kwa mwaka? Hutumia njia inayofanana na ile ya mganga anayeingia katika kijiji kisicho na daftari la vizazi. Akihesabu watoto wasiotimiza mwaka mmoja na kuwakuta 60, atajua kwamba kijiji hicho huzaa watoto wapatao 60 kwa mwaka. Si lazima ashuhudie hata uzazi mmoja. Inampasa tu kutambua mtoto mchanga, na kujua uchanga huo hudumu muda gani.

Angani, alama ya uchanga ni nyota kubwa za rangi ya samawati. Nyota kama Jua huishi karibu miaka bilioni 10, kwa hiyo kuiona hakutuelezi ilizaliwa lini. Lakini nyota yenye tungamo la Jua mara 20 huteketeza hidrojeni yake kwa pupa na kufa baada ya miaka milioni 10 hivi. Popote tuionapo, tunajua kwamba hapo palizaliwa nyota juzi, kwa kipimo cha umri wa galaksi.

Nyota hizo kubwa hujitambulisha kwa njia tatu. Kwanza, hutoa kwa wingi mionzi iliyo juu ya zambarau. Pili, mionzi hiyo huvunja atomi za hidrojeni zilizo karibu, nazo zinapojiunga tena hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 656. Tatu, vumbi linalozizunguka hupata joto na kutoa mionzi iliyo chini ya nyekundu. Njia hii ya tatu ni ya lazima, kwani sehemu kubwa ya nyota changa zimefunikwa na vumbi. Setilaiti ya IRAS, iliyorushwa mwaka 1983, ndiyo iliyofungua mlango huo. Na darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, huona ndani ya mawingu hayo kwa undani kuliko zote zilizoitangulia.

Nyota ndogo, ambazo ndizo nyingi kuliko zote, hazionekani katika galaksi za mbali. Hizi hukadiriwa kwa uwiano. Mwaka 1955 Edwin Salpeter alionyesha kwamba kuna mpangilio wa kawaida kati ya idadi ya nyota kubwa na ile ya nyota ndogo zinazozaliwa, hivyo aliyehesabu kubwa anaweza kukisia ndogo. Kwa kuwa makisio ya idadi huathiriwa sana na hizo ndogo zisizoonekana, wanafalaki hutaja kiwango kwa tungamo badala ya idadi.

Kwa vipimo hivyo, galaksi yetu hugeuza kuwa nyota gesi yenye tungamo la Jua mara 1.5 hadi 2 kila mwaka. Kwa kuwa nyota nyingi ni ndogo kuliko Jua, kiasi hicho chatosha nyota zipatazo nne hadi sita.

6. Fumbo la uzazi wa polepole

Tumesema kwamba galaksi yetu ina nyota zaidi ya bilioni 100. Je, nyota nne au sita kwa mwaka ni nyingi au ni chache? Jibu hupatikana tukilinganisha kiwango hicho na akiba ya gesi. Mawingu ya molekuli ya galaksi yetu kwa jumla yana tungamo la Jua mara bilioni moja hivi. Kama uvutano ungefanya kazi peke yake, wingu la kawaida lingeporomoka lote katika miaka milioni 4 au 5. Hesabu ni nyepesi: gawanya bilioni moja kwa milioni tano, utapata 200. Galaksi yetu ingepaswa kuzaa matungamo 200 ya Jua kila mwaka. Kumbe huzaa mawili tu, yaani sehemu moja katika mia.

Hitilafu hiyo ilielezwa waziwazi tangu mwaka 1974 na Mmarekani Ben Zuckerman pamoja na wenzake, na bado ni kiini cha utafiti. Sababu tatu hutajwa. Ya kwanza ni msukosuko: gesi ya mawingu haitulii, bali huvurugika kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde, ikasambaratisha sehemu ambazo zingejikunja. Ya pili ni usumaku unaopenya mawingu na kuipinga gesi inapotaka kusongamana. Ya tatu ni nyota zenyewe. Nyota kubwa zikishawaka, mwanga wao mkali, upepo wao wa chembe na hatimaye milipuko ya kufa kwao huipasha gesi joto na kuitawanya. Wataalamu wanaendelea kujadili uzito wa kila sababu, lakini ya tatu huonekana kwa macho ya darubini.

Hapa sarufi ya Kiswahili yatufaa. Kitenzi kuzaliwa ni cha kutendwa, nacho huacha nafasi ya mtenda: nyota huzaliwa na nani? Na wingu. Lakini mama huyu hutoa sehemu ndogo tu ya mwili wake kuwa watoto, asilimia chache, na wale watoto wakubwa wa kwanza ndio wanaomtawanya kabla hajazaa wengine.

Anayetaka kuliona jambo hili alitazame kundi la Jabari katika jioni za Desemba hadi Machi. Kwetu Katanga hayo ni majira ya mvua, lakini usiku anga linapotakata, katikati ya upanga unaoning'inia chini ya mkanda wa Jabari huonekana doa lenye ukungu. Hiyo ni nebula ya Orion, iliyo umbali wa miaka ya nuru 1,350 hivi. Ndani yake mna maelfu ya nyota zenye umri wa miaka milioni chache tu, na mionzi ya nyota zake kubwa imekwisha kuchimba shimo katika wingu lililozizaa. Karibu na hapo angani kiko Kilimia, kinachotuonyesha hatua inayofuata: wingu lake la uzazi limekwisha kutoweka, na ukungu wa samawati unaoonekana katika picha zake ni wa wingu jingine ambalo nyota hizo zinapita ndani yake.

7. Galaksi nyingine, nyakati nyingine

Kiwango hutofautiana sana baina ya galaksi. Galaksi ya Andromeda, ingawa ni kubwa kuliko yetu, huzaa chini ya tungamo moja la Jua kwa mwaka. M82, galaksi ndogo iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi, huzaa matungamo kama 10, kwa sababu mvutano wa jirani yake M81 umeisukuma gesi yake kuelekea kitovuni. Arp 220, ambayo ni galaksi mbili zinazogongana na kuungana, huzaa matungamo yapatayo 200. Kwa upande mwingine, galaksi nyingi zenye umbo la yai zimekwisha gesi yake baridi, nazo karibu hazizai tena.

Kanuni inayotawala tofauti hizi ilipendekezwa na Maarten Schmidt mwaka 1959, na Robert Kennicutt akaipima mwaka 1998 katika galaksi nyingi: kiwango cha uzazi hufuata msongamano wa gesi, tena hukua haraka kuliko msongamano wenyewe. Gesi ikisongamana maradufu, kiwango huongezeka zaidi ya mara mbili na nusu.

Kiwango hubadilika pia kwa wakati. Kwa kuwa mwanga wa galaksi za mbali huchukua mabilioni ya miaka kutufikia, kutazama mbali ni kutazama zamani. Mwezi wa Desemba 1995 darubini ya Hubble ililenga sehemu ndogo ya anga kwa siku kumi na kunasa galaksi karibu 3,000. Mwaka 1996 Piero Madau na Simon Lilly, kila mmoja na wenzake, walianza kuchora historia ya uzazi wa nyota katika ulimwengu mzima. Historia hiyo sasa yajulikana vizuri. Kiwango kilipanda hadi kilele chake yapata miaka bilioni 10 iliyopita, kisha kikashuka hata leo kimebaki karibu sehemu moja ya kumi ya kile cha kilele. Nyota nyingi za ulimwengu zilikwisha kuzaliwa kabla ya Jua, ambalo lina umri wa miaka bilioni 4.6.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kuzaliwa kwa nyota moja ni ushindi wa uvutano juu ya shinikizo, ilhali kiwango cha galaksi ni historia ya jinsi uvutano huo unavyozuiwa. Uzuizi huo una manufaa kwetu. Lau mawingu yangeporomoka bila kipingamizi, akiba ya leo ingekwisha katika miaka milioni tano. Kwa kiwango tulichotaja ingetosha miaka milioni 500, na kwa hakika itadumu zaidi, kwani hujazwa tena na gesi ya atomi, na gesi inayoanguka kutoka nje ya galaksi, na ile inayorudishwa na nyota zinazokufa. Katika hiyo ya mwisho mna elementi nzito. Shaba iliyomo katika ardhi ya Katanga iliundwa ndani ya nyota zilizokufa kabla ya Jua kuzaliwa. Galaksi ambayo ingemaliza uzazi wake kwa mara moja isingepata nafasi ya kutia shaba hiyo katika kizazi kilichofuata.

Kuhusu lugha, msomaji atakuwa ameona kwamba maelezo haya yamehitaji istilahi ngeni chache, na kwamba kazi kubwa imefanywa na maneno ya kawaida yaliyowekewa mipaka: kasi na kiwango, kiini na kisahani, mpaka na akiba. Wapo wasemao kwamba sayansi haiwezi kufundishwa kwa Kiswahili kwa sababu ya uhaba wa maneno. Kwa maoni yetu, upungufu uko zaidi katika mazoea ya kuyapambanua yale tuliyo nayo. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini galaksi yetu huzaa matungamo mawili ya Jua badala ya 200 ameielewa hoja yenyewe. Yule aliyekariri istilahi za kigeni peke yake bado hajapimwa. Zoezi hilo laweza kuanzwa na mwalimu yeyote, katika somo lolote, bila kungojea kamusi mpya.